Binti wa Johannesburg Juu ya Fito Mbili



Makala ya mwezi huu yamezaliwa na karatasi moja. Ilikuwa karatasi ya rangi ya manjano, iliyokunjwa mara nne na kutiwa ndani ya mkoba wa shule wa mtoto wa miaka minane, binti wa jirani zetu wa hapa Mayfair. Shule iliwaarifu wazazi kwamba ukumbi mmoja wa mazoezi unapokea wasichana wadogo kwa mafunzo ya jimnastiki, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Pembeni mwalimu wa michezo alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba mtoto huyu ana mwili mwepesi na moyo usioogopa, na kwamba ingekuwa vyema ajaribiwe.

Mama aliisoma karatasi ile mara mbili, kisha akaitia chini ya sahani ya tende iliyokuwa mezani. Baba aliporudi kutoka dukani baada ya Isha akaisoma naye, akaitazama sana ile picha ya msichana aliyening'inia kichwa chini, akasema, "Sisi tulikuja huku kutafuta riziki, hatukuja kutafuta sarakasi. Na Jumamosi asubuhi mtoto yuko madrasa."

Mama akamjibu kwa upole, "Nami sikusema aende. Nimesema tujue kwanza ni kitu gani, ndipo tukatae."

Maneno hayo ya mama ndiyo yaliyotusukuma kuandika. Kwani ni nyumba ngapi miongoni mwetu, za Fordsburg na Yeoville na kwingineko, ambazo zimekwisha kupokea karatasi ya namna hiyo? Aghalabu hukataliwa kwa haraka, au hukubaliwa kwa haraka, na katika hali zote mbili mzazi hajui alichokikataa wala alichokikubali. Basi tumeona tueleze mchezo huu kwa kupitia maisha ya binti mmoja aliyelelewa katika mji huu huu tunaoishi, aliyeanza mdogo kama huyo wa jirani zetu, na ambaye jina lake limefika mbali. Jina lake ni Caitlin Rooskrantz.

NI MCHEZO GANI HUU?

Wale waliosoma Unguja, Dar es Salaam au Dodoma hawana haja ya kuelezwa sana. Wote twaikumbuka halaiki: mamia ya watoto wa shule uwanjani siku ya sherehe za taifa, wakiinama na kuinuka kwa pamoja, wakishika maduara na vitambaa, wakijenga mnara wa watu juu ya mabega ya wenzao. Jimnastiki ni ndugu wa halaiki. Tofauti ni kwamba katika halaiki mtoto mmoja hupotea ndani ya umati, ilhali katika jimnastiki husimama peke yake mbele ya waamuzi, na kila kosa ni lake.

Matawi yake yajulikanayo zaidi kwa wasichana ni mawili. La kwanza ni jimnastiki ya midundo, ambayo katika Olimpiki ni ya wanawake pekee. Msichana hucheza juu ya zulia la mita 13 kwa 13 kwa muda wa sekunde 75 hadi 90, akifuata muziki, huku akirusha na kudaka mpira, duara, virungu au utepe wenye urefu wa mita 6. Utepe huo haupaswi kufungamana wala kukoma kutembea. Tawi hili liliingia katika Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, na mshindi wake wa kwanza alikuwa Lori Fung wa Kanada. Afrika Kusini nayo imetoa wachezaji wake: Odette Richard alishiriki Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na Grace Legote aliiwakilisha nchi katika mashindano ya dunia mara kadhaa.

Tawi la pili ndilo la Caitlin Rooskrantz. Hapa wanawake hushindana katika vituo vinne: meza ya kurukia, boriti, mazoezi ya sakafuni na fito mbili. Boriti ina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10 tu, nayo imeinuliwa sentimita 125 kutoka chini. Juu ya upana huo, ambao hauzidi kiganja cha mtu mzima, msichana hupinduka hewani na kutua kwa miguu. Fito mbili nazo zimelala sambamba, wa chini ukiwa sentimita 170 kutoka sakafuni na wa juu sentimita 250. Mchezaji hubembea, huachia, huruka kutoka ufito mmoja hadi mwingine na kuushika tena, na mwisho hujitupa chini na kusimama wima bila kuyumba.

Waamuzi hutoa alama mbili zikajumlishwa. Moja ni ya ugumu wa aliyoyafanya, ambayo hupanda kadiri mchezaji anavyothubutu. Nyingine ni ya usafi wa utendaji, ambayo huanzia 10 na kukatwa kwa kila goti lililopinda na kila hatua iliyoteleza. Anayeanguka hukatwa alama 1 nzima. Katika mchezo ambao mara nyingi washindi hutengwa na sehemu ndogo ya alama, kuanguka mara moja kwaweza kuipoteza kazi ya mwaka mzima.

MTOTO WA MJI HUU

Caitlin Rooskrantz alizaliwa mwezi Novemba 2001. Baba yake alifariki angali mtoto mdogo, na mama ndiye aliyebaki na mzigo wote wa malezi. Msomaji asilipite jambo hilo upesi. Mchezo huu humtaka mtoto afikishwe ukumbini siku nyingi za wiki, arudishwe usiku, alishwe vizuri, asimamiwe masomo yake, na alipiwe. Nyumba yenye wazazi wawili huemewa na hayo, sembuse yenye mzazi mmoja.

Aliyelea kipaji chake ukumbini ni mwalimu Ilse Pelser, katika ukumbi wa Johannesburg Gymnastics Centre. Katika vituo vinne vya mchezo, kilichomfaa zaidi kilikuwa fito mbili. Huko ndiko waamuzi wa nchi za nje walikoanza kumwona.

Mwezi Septemba 2019 alikwenda katika mji wa Szombathely nchini Hungaria, katika mfululizo wa mashindano ya Kombe la Dunia la Changamoto yanayoandaliwa na Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki. Alipanda juu ya fito, akamaliza, akatua. Alipata medali ya dhahabu. Hakuna mwanajimnastiki mwanamke wa Afrika Kusini aliyewahi kupata dhahabu katika mashindano hayo kabla yake. Alikuwa bado hajatimiza miaka 18.

Mwezi uliofuata alikuwa Stuttgart, Ujerumani, katika Mashindano ya Dunia. Hakupata medali huko, lakini alipata kilicho adimu zaidi kwa mchezaji wa bara letu: nafasi yake binafsi ya kushiriki Olimpiki ya Tokyo, iliyokuwa imepangwa kufanyika mwaka 2020.

Kisha ukaja ule mwaka ambao hakuna nyumba ya mhamiaji itakayousahau. Mwezi Machi 2020 Olimpiki iliahirishwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na siku chache baadaye Afrika Kusini ikafunga milango. Maduka yetu yalifungwa, misikiti ikafungwa, na kumbi za mazoezi nazo zikafungwa. Kwa mchezaji wa jimnastiki kukaa bila kushika ufito ni jambo zito, kwani mikono hulainika, mwili huongezeka urefu na uzito, na vipimo vyote alivyovizoea hubadilika. Caitlin alilazimika kungoja mwaka mzima huku akiilinda nafasi aliyokwisha kuipata.

Tarehe 25 Julai 2021 alipanda jukwaani Tokyo. Pamoja naye alikuwapo Naveen Daries, Mwafrika Kusini mwenzake. Wawili hao walikuwa wanajimnastiki wanawake wa kwanza wasio Wazungu kuiwakilisha nchi hii katika Olimpiki. Hakuna kati yao aliyeingia fainali. Hata hivyo miaka mitatu baadaye, mwezi Julai 2024, Caitlin alikuwa tena katika Olimpiki, mara hii Paris. Huko nako hakuingia fainali. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa pia mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johannesburg.

Huenda msomaji akauliza: mtu aliyekwenda Olimpiki mara mbili na kurudi bila medali, ana nini cha kutufundisha? Jibu ni kwamba tumezoea kuhesabu medali tu. Mchezo huu watu hustaafu wangali na umri mdogo, na nchi zenye fedha nyingi hupeleka timu nzima ya wasichana waliokuzwa na serikali zao. Binti wa mama mjane wa Johannesburg kusimama kati yao mara mbili, na kabla ya hapo kuwashinda wengi wao kule Hungaria, si jambo la kubezwa.

KWA NINI MWAKA 2021 NA SI KABLA?

Jambo hili lina historia, na historia hiyo yatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani.

Afrika Kusini ilizuiwa kushiriki Olimpiki kuanzia mwaka 1964 kwa sababu ya siasa yake ya ubaguzi wa rangi, na haikurejea hadi Barcelona mwaka 1992. Katika miaka hiyo yote ndani ya nchi kumbi nzuri, walimu na vifaa vilikuwa kwa watoto wa Kizungu. Mtoto mweusi, wa Kihindi au wa machotara hakufungiwa Olimpiki peke yake. Alifungiwa mlango wa ukumbi wenyewe.

Mwaka 1976, wakati Olimpiki ikikaribia kuanza Montreal, watoto wa shule wa Soweto walikuwa wamekwisha kumwaga damu tangu tarehe 16 Juni. Mwezi huo huo timu ya raga ya New Zealand ilikuja kucheza na Afrika Kusini kana kwamba hapana lililotokea. Nchi za Afrika zilidai New Zealand itolewe katika Olimpiki. Dai lao lilipokataliwa, zaidi ya nchi ishirini zilisusia. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwamo. Filbert Bayi wetu, aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu mwaka 1974, hakukimbia, na medali ya dhahabu ilichukuliwa na John Walker wa New Zealand, yule yule aliyekuwa amemshinda alipoiweka rekodi hiyo. John Akii-Bua wa Uganda naye hakuruka viunzi.

Siku zile zile ambazo vijana wetu walikuwa wakifunga mizigo kurudi nyumbani, msichana wa Romania mwenye umri wa miaka 14, Nadia Comăneci, alipanda juu ya fito mbili na kupewa alama 10 kamili, ya kwanza katika jimnastiki ya Olimpiki. Ubao wa alama haukuwa umetengenezwa kuonyesha 10, ukaonyesha 1.00. Ulimwengu mzima waikumbuka siku hiyo. Ni wachache wakumbukao kwamba wakati huo nusu ya bara letu haikuwapo uwanjani, kwa ajili ya haki ya watoto wa nchi hii ambayo leo sisi ndio wageni wake.

Kwa hiyo tunapomwona binti kama Caitlin juu ya fito zile zile, tusimtazame kama mtu wa kando. Bayi na Akii-Bua waliacha mbio zao kwa ajili ya wazee wa binti huyu. Nasi ambao nyakati nyingine huambiwa mitaani kwamba nchi hii si yetu, tuna haki ya kuwakumbusha watoto wetu jambo hilo.

BEI YA MEDALI

Tumekwisha kusifu, sasa tuseme na gharama, kwani mzazi haelezwi upande mmoja tu.

Gharama ya kwanza ni wakati. Mtoto anayeanza huenda ukumbini mara moja au mbili kwa wiki. Lakini akionekana ana kipaji, saa huongezeka mwaka hadi mwaka, na kwa wale wa ngazi ya juu si ajabu kufanya mazoezi saa 25 hadi 30 kwa wiki. Saa hizo hutoka mahali fulani: hutoka katika usingizi, katika kazi za shule, katika madrasa, katika kukaa na ndugu. Kanuni za kimataifa haziruhusu msichana kushindana na wakubwa kabla ya mwaka ambao anatimiza miaka 16. Kwa hiyo kati ya umri wa miaka minane na siku hiyo ipo miaka minane ya kazi isiyoonekana na mtu.

Gharama ya pili ni mwili. Kaylia Nemour, mzaliwa wa Ufaransa mwenye baba wa asili ya Algeria, alifanyiwa upasuaji wa magoti yote mawili mwaka 2021 angali na umri wa miaka 14. Baadaye palizuka mzozo kati ya upande wake na shirikisho la Ufaransa kuhusu lini aruhusiwe kurudi mazoezini. Mwishowe akaamua kuchezea Algeria, nchi ya baba yake. Mwaka 2023 alipata medali ya fedha juu ya fito mbili katika Mashindano ya Dunia, na tarehe 4 Agosti 2024 kule Paris akapata dhahabu ya Olimpiki kwa alama 15.700. Ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa bara zima la Afrika, nayo ililetwa na mtoto wa familia yenye nchi mbili, kama watoto wetu. Twafurahi naye. Lakini mzazi ayakumbuke magoti yale kabla ya kuikumbuka dhahabu.

Gharama ya tatu ni fedha. Jimnastiki haina mishahara kama mpira wa miguu. Kuna ada ya ukumbi, mavazi, nauli, na kwa wanaoshindana kuna safari ambazo mara nyingi familia hujilipia wenyewe. Mzazi asianze kwa kudhani kwamba mtoto atakuja kuitajirisha nyumba.

Ya nne si gharama, ni hadhari. Nchini Marekani daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, aliwadhuru wasichana kwa miaka mingi kwa kisingizio cha matibabu. Alipohukumiwa mwezi Januari 2018, zaidi ya wanawake 150 walitoa ushahidi wa maneno mbele ya mahakama. Baadhi ya mambo hayo yalitendeka wazazi wakiwa chumba kimoja naye, hawakujua wanachokitazama. Hatusemi hayo kuwatisha watu na kila ukumbi. Twasema mzazi akae aone, aulize, na zaidi ya yote amzoeze mtoto kusema bila woga lolote lililomkera, naye asikilizwe.

SUALA LA SITARA

Tunafika katika jambo ambalo bila shaka msomaji amekuwa akilingoja tangu mwanzo. Mavazi yaliyozoeleka ya mchezo huu huacha miguu wazi yote. Je, binti wa Kiislamu afanyeje?

Kwanza ijulikane kwamba kanuni haziamuru miguu iwe wazi. Katika matawi yote mawili Shirikisho la Kimataifa laruhusu vazi moja refu lenye mikono na linalofika vifundoni. Kwa miaka mingi watu wachache tu walilitumia. Kisha mwezi Aprili 2021, katika mashindano ya Ulaya kule Basel, Mjerumani Sarah Voss alivaa vazi hilo refu, na Tokyo timu yote ya wanawake wa Ujerumani ikalivaa siku ile ile ya tarehe 25 Julai ambayo Caitlin alishindana. Wajerumani hao hawakufanya hivyo kwa sababu ya dini. Walisema wanataka msichana achague vazi linalomtuliza moyo, asitazamwe mwili wake badala ya kazi yake. Yafaa tukumbuke kwamba haya si fikra za Waislamu peke yao.

Pili, tusifichane: vazi hilo hufunika ngozi lakini hubana mwili, kwani waamuzi hutaka kuona kama goti limenyooka. Na katika kumbi za mashindano watazamaji ni mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Basi wako wazazi watakaosema kwamba kufunika peke yake hakutoshi, nao wana hoja. Mwaka 2015 Mmalaysia Farah Ann Abdul Hadi alishinda medali kadhaa, zikiwemo za dhahabu, katika Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki kule Singapore. Badala ya pongezi peke yake, nchini mwake palizuka ubishi mkali juu ya vazi lake: wengine walimlaumu, wengine wengi wakamtetea. Yeye aliendelea na mchezo hadi akafika Tokyo. Misri nayo imepeleka wasichana wake Olimpiki katika jimnastiki ya midundo. Waislamu, kama inavyoonekana, hawako katika rai moja.

Jarida hili si mufti wala halitoi fatwa. Tunachosema ni kwamba suala hili lina sehemu mbili, nazo zisichanganywe. Kujifunza ni jambo moja na kushindana hadharani ni jambo jingine. Mtoto wa miaka minane anayejifunza kupinduka juu ya godoro yuko mbali sana na jukwaa la Olimpiki. Katika ngazi ya kujifunza mzazi aweza kuuliza: Je, mwanangu ataruhusiwa kuvaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu? Je, mwalimu ni mwanamke? Je, kuna kipindi cha wasichana peke yao? Je, mama aweza kukaa ndani? Ukumbi utakaojibu vizuri wafaa kufikiriwa. Utakaoudhika kwa maswali hayo umekwisha kujibu pia. Na yale ya baadaye, mtoto akifikia baleghe, yana wakati wake na wanazuoni wake.

KARATASI ILIYO CHINI YA SAHANI

Na sasa turudi kwa jirani zetu.

Karatasi ile ilikaa chini ya sahani ya tende kwa siku tisa. Siku ya kumi bibi wa mtoto alipiga simu kutoka Unguja, kama desturi yake kila Ijumaa. Katika mazungumzo mama akaitaja ile karatasi, akitarajia mama mkwe atamuunga mkono mwanawe. Bibi akacheka sana.

"Mwanangu kasema nini? Sarakasi?" akauliza. "Basi mwambie mimi mama yake nilikuwa katika halaiki ya Mapinduzi miaka miwili, na wa juu kabisa katika mnara alikuwa mimi. Mwalimu alikuwa akituamsha kabla ya jua. Mwambie aniulize, kwani ndiye niliyemzaa."

Baba alikuwa amekaa hapo hapo, amesikia yote. Hakujibu kitu. Alikuwa ameishi miaka 41 duniani bila kujua kwamba mama yake aliwahi kusimama juu ya mabega ya watu uwanjani.

Jumamosi iliyofuata, baada ya mtoto kutoka madrasa, baba aliniomba nimpeleke kwa gari langu akauone ukumbi huo kwa macho yake. Tulikaa kwenye benchi la wazazi kwa saa moja. Aliangalia zaidi mtoto mmoja mdogo aliyekuwa akijaribu kutembea juu ya boriti ya chini. Mtoto yule alianguka, akapanda. Akaanguka, akapanda. Nilihesabu mara kumi na moja. Hapana aliyemgombeza, na hapana aliyemwinua. Mara ya kumi na mbili alifika mwisho, akageuka kutafuta ni nani aliyemwona, na macho yake yakakutana na ya jirani yangu, ambaye bila kujua alikuwa amekwisha kuinua mkono kumpungia.

Kisha akaenda kwa mwalimu na maswali yake yote. Kipindi cha Jumamosi alikikataa, kwani madrasa haina badala. Akaambiwa kipo kingine Jumatano alasiri, cha wasichana watupu, na mwalimu wake ni mwanamke. Suruali ndefu na shati refu havina ubaya, maadamu nguo isiwe pana kiasi cha kunaswa na vifaa. Nywele zifungwe, na mtandio wa kuvuta kichwani wafaa, ila usiwe na pini. Mama akae benchini akitaka.

Njiani tukirudi alinyamaza mpaka tulipofika karibu na mtaa wetu. Hapo akasema, "Nampa mwaka mmoja. Akiwa nyuma katika Qurani au katika shule, basi. Na akifika miaka kumi na miwili tutakaa tena sisi na mama yake, na yeye mwenyewe awepo." Nikamwambia hilo ni jambo la insafu.

Binti huyo amekwenda Jumatano sita mpaka tunapochapa toleo hili. Hatujui kama ana kipaji cha Caitlin Rooskrantz, na yamkini hana, kwani vipaji vya namna hiyo ni vichache. Kwa sasa anajua kusimama kwa mikono akiegemea ukuta, naye huwaonyesha wageni wote hata wasiotaka kuona. Juzuu yake ya madrasa anaendelea nayo vizuri, na baba yake humsikiliza mwenyewe kila usiku, jambo ambalo mama asema hakuwa akilifanya hapo awali.

Wasomaji walio na uzoefu wao katika jambo hili, wawe wamekubali au wamekataa, twawaomba watuandikie. Barua zenye rai tofauti na yetu zitachapishwa kwa heshima ile ile.

Wabillahi tawfiq.